Basi Lililokataa Alfajiri

Waliniambia nichukue koti, na hilo ndilo lililonitisha kuliko bunduki.

Nilikuwa nimelala chini ya lori kwenye karakana yangu ya Moroni, juu kidogo ya bandari ya zamani, pale vichochoro vya Badjanani vinapomalizikia. Miguu yangu peke yake ndiyo iliyokuwa nje. Mtu akisema na miguu yako, na wewe huko chini humwoni, ni rahisi sana kukutia hofu. Sauti ikauliza, "Wewe ndiye yule fundi wa dizeli aliyetoka Unguja?" Nikajibu kuwa ndiye mimi. "Toka. Kachukue koti. Tunakwenda kwenye baridi."

Moroni hakuna baridi. Hata katika kipupwe mtu hulala na shuka moja akaona inatosha. Na siku zile waliochukuliwa hawakuambiwa wachukue kitu. Walikwenda na walichovaa, na jamaa zao wakabaki kuulizana kwa minong'ono. Sasa mimi naambiwa koti. Sikujua kama wananihurumia au wananichezea. Koti lenyewe sikuwa nalo. Mke wangu akaenda kufungua kasha, akatoa la marehemu baba yake aliyekuwa baharia, koti la sufu nzito lililohifadhiwa kwa kafuri. Nikalivaa pale juani, mbele ya vijana wawili ambao ningeweza kuwazaa, nikanuka kama maiti aliyekwisha kuoshwa. Mke wangu hakulia. Alinifunga vifungo kimoja kimoja, na kifungo cha mwisho kikamshinda.

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili msomaji asije akanitarajia ushujaa. Nilizaliwa Unguja kwa wazazi wa Kingazija, nikajifunza ufundi huko, na huko nilikwisha kuona jinsi serikali inavyoweza kubadilika watu wakiwa usingizini. Nilipohamia Ngazija kwa wazee wangu nilidhani hofu nimeiacha nyuma. Ukaja uhuru, tukapiga vigelegele, na Wafaransa wakafungasha mizigo yao, na mafundi wao, na spea zao. Kisha ikaja serikali ya vijana. Wanafunzi wakawa wakubwa. Makarani walirudishwa majumbani, makaratasi ya ofisi yakatiwa moto, harusi kubwa zikapigwa marufuku, na wazee waliozoea kusikilizwa wakajifunza kunyamaza. Yako mambo waliyoyasema vijana wale ambayo hata mimi niliyaona ya haki. Harusi zetu zilikuwa zikifilisi watu. Lakini haki ikisemwa na mtu aliyeshika bunduki kwa mara ya kwanza, masikio husikia bunduki tu.

Hawakuniambia tunakokwenda mpaka chombo kilipokwisha kuiacha bandari. Tunakwenda Mutsamudu, kisiwa cha Nzwani, kisha tupande milimani. Huko kuna kijiji ambacho kamati yake ina basi la dizeli, kuukuu, la zama za Wafaransa. Kila alfajiri basi hilo hutakiwa literemshe watu kwenye mikutano na kazi za pamoja, na kila alfajiri hukataa kuwaka. Jua likishapanda, watu wamekwisha kukosa, linawaka bila taabu. Dereva amekamatwa. Wanasema analihujumu kwa makusudi. Ametafutwa fundi wa nje, asiyejuana na mtu Nzwani, aseme neno moja: ni hujuma au si hujuma.

"Ukisema ni hujuma," kijana mmoja aliniambia, "mambo yake yatakwisha upesi." Hakusema yatakwishaje, nami sikuuliza.

Nilichouliza ni huyo dereva ni nani. Alipomtaja, nilishukuru kwamba uso wangu ulikuwa umeelekea baharini. Dereva yule alikuwa sahibu yangu. Baba yake Mnzwani, lakini yeye alikulia Unguja kama mimi. Tulijifunza dizeli kwa bwana mmoja, tukilalia mkeka mmoja kwenye gereji, na yeye ndiye aliyenifundisha kusikiliza injini kwa kuuma bisibisi kwenye meno na ncha yake kuiweka kwenye chuma. Mimi, fundi asiyejuana na mtu. Safari yote ile, kila kijana aliponitazama, nilidhani amekwisha kujua.

Mutsamudu tulifika asubuhi. Makuli walikuwa wakishusha mifuko ya mchele, na hakuna aliyetupa jicho la pili. Watu walikuwa wamejifunza kutotazama. Kijana mmoja alibaki mjini. Yule wa pili, mwenye bunduki, tulipanda naye lori kufuata njia ya kona nyingi, minazi ikawa inabaki chini na hewa inazidi kuwa nyembamba na ya ubaridi. Alasiri tukafika kijijini.

Basi lilikuwa limeegeshwa uwanjani, mbele ya nyumba ya kamati. Bodi lake la mbao lilikuwa limepakwa rangi upya na kuandikwa maneno ya mapinduzi, lakini injini ilikuwa ileile ninayoijua, ya kuungwaungwa, kila bomba na waya wake wa kufungia. Mkuu wa kamati alitupokea. Alikuwa kijana mwembamba aliyeacha skuli ya juu ili aje kutawala, mwenye adabu kuliko nilivyomtarajia. Akanipa ufunguo. Nikapanda, nikapiga stata, na basi likawaka palepale.

Naapa sijapata kuogopa gari linalowaka kama nilivyoliogopa lile. Mwenye bunduki alicheka. "Umeona? Mchana linakubali. Mashine haijui saa; anayejua saa ni dereva."

Nikawaambia, na sauti yangu nikaisikia ikitoka nyembamba, kwamba mgonjwa hupimwa akiwa na homa. Nitaliangalia alfajiri. Lakini nilibaki kidogo pale nyuma ya basi kabla ya kulizima, kwa sababu moshi wake ulikuwa na harufu. Niliona njaa. Nilisimama katika moshi wa dizeli nikaona njaa, na nikadhani ni kwa kuwa sijala tangu jana.

Niliomba nimhoji dereva, kwa ajili ya kazi. Walikuwa wamemfungia katika chumba cha zahanati iliyokuwa haina dawa wala mganga. Alikuwa amenyolewa kichwa. Aliponiona aliniangalia kama mtu aangaliavyo ukuta, nami nikajua kwamba amekwisha kufahamu namna mambo yalivyo, na kwamba bado ana akili zake. Nilimsalimu kama mgeni. Mwenye bunduki alisimama mlangoni.

"Asubuhi stata inazunguka?"

"Inazunguka vizuri."

"Betri?"

"Nzima. Nimeisafisha vichwa vyake mwenyewe."

"Ukipiga stata, moshi unatoka?"

"Hautoki hata kidogo. Unaweza kumaliza betri nzima, usione moshi. Mchana ndipo unatoka. Na una harufu yake, fundi. Tangu lije hili pipa la sasa."

"Harufu gani?" mwenye bunduki akauliza.

Dereva aliinamisha kichwa chake kile kilichonyolewa vibaya, chenye mikwaruzo. "Harufu ya moshi tu, ndugu."

Hayo ndiyo tuliyozungumza baada ya miaka yote ile ya kutoonana. Lakini alikuwa amekwisha kunipa kazi nusu. Stata inazunguka na moshi hakuna: basi dizeli haifiki kwenye injini. Ingekuwa inafika ila haiungui, ungeona moshi mweupe. Mchana inafika, asubuhi haifiki. Kitu gani kinaziba alfajiri na kuzibua adhuhuri? Mtu mwenye koleo anaweza kufanya hivyo, ndiyo. Nilikwenda nikitembea na swali hilo, na kila nilipoligeuza lilinirudisha kwa yule mtu mwenye koleo.

Nililazwa kwa bibi mmoja, nyumba ya karibu na uwanja, ambaye kijiji kizima kilimwita Koko, yaani bibi. Alinipa muhogo na kipande cha samaki mkavu, akaomba radhi kuwa chakula hakina mafuta. Mafuta yake ya nazi, alisema, yalichukuliwa na kamati, akabakiwa na kichupa cha kupaka nywele tu. Kila nyumba ilitoa, kwa ajili ya taifa. "Nimekuna nazi mpaka kiganja kimeota sugu. Sijui hilo taifa linapika nini." Kisha akakumbuka kuwa mimi nimekuja na mwenye bunduki, akafumba mdomo na kuanza kuokota vyombo. Nilitaka kumwambia asiniogope. Lakini ningesemaje hivyo, nami nimeletwa na wale anaowaogopa?

Sikulala vizuri. Koti la mkwe wangu lilinisaidia, nalo likanikumbusha kafuri kila nilipovuta pumzi.

Alfajiri, baada ya kusali, nilitoka nikaikuta baridi ya kweli, ile ya kukufanya uingize mikono kwapani. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mapaa. Koko alikuwa ameweka chupa yake ndogo ya mafuta ya nywele juu ya kiambaza, akisubiri jua, kama mama yangu alivyokuwa akifanya Unguja katika kipupwe: mafuta yakiganda huwezi kuyatoa chupani, kwa hiyo unayaanika juani kwanza. Niliiona chupa ile, nyeupe kama maziwa, nikaipita. Nilikuwa na hofu mno kuwa na akili.

Watu walikuwa wamekwisha kukaa ndani ya basi. Hiyo ndiyo iliyokuwa amri: wapande, wasubiri. Wanawake wengi, wamejifunika zile nguo zao za mashiromani mpaka kichwani kwa ajili ya baridi, na wazee wachache. Mwenye bunduki alinipa ufunguo. Nikapiga stata. Ikazunguka kwa nguvu, ikazunguka, na nyuma hakukutoka hata uzi wa moshi.

"Haya," alisema, na akaenda zahanati kumleta dereva, aje aone mwenyewe.

Nikafungua boneti. Ninapofanya kazi hofu hupungua kidogo, kwa sababu mikono ina desturi zake. Nililegeza skrubu ya kutolea hewa juu ya chujio, nikaanza kubonyeza pampu ya mkono. Kwa kawaida dizeli hutoka na mapovu, kisha ikatoka safi. Haikutoka kitu. Nikafungua bomba linaloingia kwenye chujio. Hapo ilitoka, polepole na nzito, lakini ilitoka. Basi tangi linatoa, na chujio linazuia. Nikashika bakuli la chujio, nikalegeza boliti yake, nikalishusha.

Ndani yake kulikuwa na shahamu. Chujio lote lilikuwa limevikwa kitu cheupe, laini, kama juu ya mchuzi wa mbuzi uliolala. Nikatia kidole. Kikayeyuka kwa joto la kidole changu palepale. Nikanusa. Nikakumbuka njaa niliyoiona jana nyuma ya basi, na chupa ya Koko, na sugu ya kiganja chake. Moshi ule ulikuwa ukinukia vitumbua. Mafuta ya nazi ya kijiji kizima yalikuwa ndani ya tangi.

Ilinipasa nifurahi. Fundi akiupata ugonjwa hufurahi hata kama mgonjwa ni wa adui yake. Badala yake nilizidi kuogopa, kwa sababu nilifahamu mara moja kwamba hakuna aliyeweza kukusanya mafuta ya kila nyumba isipokuwa kamati, na kwamba kamati ikisema haikutia, basi aliyetia ni dereva.

"Ni nini hicho cheupe?"

Mkuu wa kamati alikuwa amesimama begani kwangu. Sikumsikia akija. Akanyoosha mkono, akachota kidogo kwa kidole, na kabla hajafikiri akafanya lile ambalo sote tumelifanya tangu utotoni tukishika mafuta yale: akajipaka nyuma ya kiganja, akasugua. Mkono wake uling'aa. Akautazama. Kisha rangi ikamtoka usoni, nikaona kwamba chini ya ule ukubwa alikuwa mtoto wa watu, na kwamba ananiogopa mimi.

"Dizeli ilikuwa haitoshi," alisema kwa sauti ya chini sana. "Nilisema tutajitegemea. Nililijaribu mwenyewe mchana, likawaka. Nilisimama mkutanoni Mutsamudu nikalisifu." Akageuka akatazama upande wa zahanati. Nilijua anachokipima. Neno moja tu lingemtoa yeye na kumzamisha dereva, na shahidi wa pekee alikuwa mimi, niliyevaa koti la maiti.

Nikasema, "Ni baridi, ndugu."

Hakuelewa.

"Gari kuukuu, na baridi. Hakuna aliyetia kitu, hakuna aliyetoa kitu. Tukilipasha moto litawaka, na likilala Mutsamudu badala ya kulala huku halitakataa tena. Ni baridi tu."

Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite. Nilimshikia kombe lile mbele ya uso wake nikasubiri kama atasaidia kulifunika. Alifuta mkono wake kwenye suruali, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Baridi," alisema.

Nikamwita Koko anipatie maji ya moto. Alileta birika lake la chai, na wanawake wengine wawili wakateremka basini kwenda kuleta masufuria yao. Nililirudisha chujio mahali pake na nilikuwa nikizungushia vitambaa kwenye bakuli na bomba wakati mwenye bunduki aliporudi, akimtanguliza dereva, mikono imefungwa kwa kamba ya usumba.

"Umeona nini?"

"Baridi," nikasema. "Dizeli imeganda ndani ya chujio."

Akanikazia macho. Hakuwa mjinga yule kijana, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Dizeli inaganda? Mjomba wangu ana lori. Sijasikia dizeli kuganda katika visiwa hivi."

Mkuu wa kamati alikuwa akitazama viatu vyake. Ndani ya basi walikaa watu ambao kila mmoja alikuwa ametoa chupa yake au debe lake, na nadhani hakukuwa na mmoja aliyekuwa hajaisikia harufu ya mchana na kuijua. Walikuwa wakijua siku zote. Walikaa kwenye basi lililokataa, alfajiri baada ya alfajiri, wakijua, na dereva wao ananyolewa. Siwalaumu. Nilifungua mdomo niseme kwamba dizeli ikikaa sana pipani huzeeka na kuwa nzito, uongo ambao bwana wangu wa Unguja angenichapa spana kwa kuutamka, na sauti haikutoka.

Ndipo Koko aliposema, huku akimimina maji kwenye vitambaa, bila kumtazama mtu, "Kwa nini isigande? Hata mafuta yangu ya nywele leo yameganda. Chupa ile pale."

Ninasema kweli, nilidhani ndio mwisho wetu. Alikuwa amelitaja. Aliyataja mafuta ya nazi kwa mdomo wake mbele ya bunduki, na kidole chake kikaelekea kwenye chupa. Mkuu wa kamati alifumba macho. Mwenye bunduki akageuka, akaitazama chupa nyeupe juu ya kiambaza, akaitazama kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu mno. Kisha akajipangusa pua kwa mkono wa shati lake jembamba la mtu wa pwani.

"Kweli baridi hii si ya mchezo," alisema. "Mimi mwenyewe vidole sivisikii."

Mpaka leo sijui kama Koko alifanya kwa makusudi. Nilipomtazama, uso wake haukuniambia kitu.

Nikaomba dereva afunguliwe mikono. Nilitaka yeye ndiye aliwashe, watu wote waone kuwa anataka liwake. Walimfungua. Alipanda akakaa mahali pake, akashika usukani, na niliposimama kwenye dirisha lake aliniuliza kwa Kiswahili chetu cha gereji, bila kutikisa midomo, "Litakubali?"

"Litakubali."

Akapiga. Ikazunguka, ikakohoa mara moja, ikafa. Nikaona shingo yake ikifa pamoja nayo. Nikalegeza skrubu tena, nikabonyeza pampu ya mkono mpaka dole gumba likachubuka, hewa ikatoka, kisha dizeli, ya moto kidogo, na harufu yake. Koko akamimina sufuria la mwisho. Nikafunga skrubu. "Tena."

Safari hii likakohoa, likashika, likatetemeka basi zima na watu wake ndani, na moshi ukajaa uwanjani. Harufu ya vitumbua ikatandaa asubuhi ile ya baridi, juu ya watu ambao hawajafungua kinywa. Nilimwona mzee mmoja akivuta pumzi kwa pua na kutazama kando.

Mkuu wa kamati alitoa hukumu palepale, kwa sauti kubwa, sauti yake ya mikutano. Hakuna hujuma. Basi litalala Mutsamudu mpaka kipupwe kiishe. Dereva atarudi kazini. Lakini, akaongeza, kwa kuwa mwenye bunduki alikuwa akisikiliza, dereva sasa anajua dawa ya baridi. Basi likikosa asubuhi hata moja, atarudi alikotoka na safari hiyo hataletwa fundi. Dereva aliitikia kwa kichwa. Mikono yake haikutoka kwenye usukani.

Tuliteremka naye mpaka Mutsamudu, mimi nikiwa nimekaa nyuma yake. Hatukusemezana, maana bado nilikuwa fundi asiyejuana na mtu. Kwenye kona alikuwa akibadilisha gia kwa ufundi uleule wa zamani. Bandarini niliteremka, nikampa mkono kama ninavyompa dereva yeyote, na yeye akaushika mkono wangu muda kidogo zaidi, akasema, "Marahaba, fundi." Kwao marahaba ndiyo asante. Kisha akaenda kuegesha basi ukutani, mahali panapopigwa jua la jioni.

Moroni nilimkuta mke wangu amekwisha kumwambia imamu anifanyie dua, haijulikani ya hai au ya maiti. Koti alilirudisha kwenye kasha bila kulianika. Wiki zilizofuata nilikuwa nikijificha chini ya magari hata yasiyokuwa na ugonjwa.

Serikali ile nayo ilianguka, ghafla, kama ilivyokuja. Vijana walivua mashati yao ya kamati wakarudi kuwa watoto wa watu. Mkuu yule nilisikia amekwenda Ufaransa. Wazee walirudi mbele, harusi kubwa zikarudi, na madeni yake.

Ilipita miaka kabla sijakwenda tena Mutsamudu. Bandari ilikuwa imepanuliwa, meli kubwa zinakaa ukutani, dizeli inauzwa kwenye pampu, safi. Nilifikia kwa sahibu yangu. Alikuwa na gari lake mwenyewe, jipya, na wajukuu, na nywele nyeupe, nyingi. Tulikaa barazani tukacheka mambo ya Unguja, ya bwana wetu na spana zake. Ya milimani hatukuyagusa.

Ulikuwa msimu wa kaskazi. Joto lilikuwa la kumfanya mtu alale sakafuni. Asubuhi yake niliamka kwa adhana nikakuta mwenzangu hayuko. Nikatoka uani. Alikuwa amefungua boneti ya lile gari jipya, jasho linamtiririka mgongoni, na mkononi ana birika. Alikuwa akimimina maji ya moto juu ya chujio, polepole, akilizunguka lote. Mkewe alikuwa jikoni akitia kuni chini ya sufuria la pili, na kwa namna alivyokuwa akifanya nilijua kwamba hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku.

Nikamkaribia. Nikasema kwa upole, kama unavyosema na mtu anayetembea usingizini, "Kaka, dizeli hii haina nazi. Na huu ni kaskazi."

"Najua," alisema.

Akamaliza birika, akamnyooshea mkewe alijaze tena.